Nimeitwa kusomea udaktari wa meno, lakini nina homa ya ini aina ya B

Shangazi, hujambo?

Mimi ni msichana wa miaka 19. Naishi Kayole na mama pamoja na wadogo zangu wawili. Huwa nasoma majibu yako kwenye simu ya mama, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuandikia.

Mwaka jana nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikapata A-. Tangu nikiwa darasa la sita nilitaka kuwa daktari wa meno. Sababu yenyewe ni ndogo tu: niliumwa na jino kwa muda mrefu kwa kuwa pesa hazikuwepo, na yule daktari aliyeling'oa hatimaye, mwanamke, alinieleza kila hatua kabla hajanigusa. Nikaona kazi hiyo naiweza. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, walinipa kozi ile ile niliyoiweka ya kwanza. Ploti nzima ilijua. Mama huuza mitumba Gikomba, na siku hiyo hakufungua kibanda.

Muda mfupi baadaye vijana wa kanisa letu tulienda kutoa damu. Nikapigiwa simu nirudi. Muuguzi akanipeleka pembeni akaniambia damu yangu haikutumika kwa sababu ina virusi vya homa ya ini aina ya B. Nikapimwa tena hospitalini, jibu likawa hilo hilo. Daktari akasema nisinywe pombe na nirudi baada ya miezi sita, kisha akaita mgonjwa mwingine. Sijisikii mgonjwa, Shangazi. Macho yangu si ya manjano, nakula vizuri, nabeba maji mpaka ghorofa ya nne.

Mama alitoa kijitabu changu cha kliniki akanionyesha chanjo zote, hakuna iliyorukwa. Akasema, "Ulichanjwa. Sasa hii umeiokota wapi?" Kuna kijana tumekuwa pamoja tangu nimalize shule na mama anamjua, kwa hiyo unaweza kuona fikira zake zilikoenda. Sasa nina kikombe changu na sahani yangu, na mdogo wangu ameambiwa asilale na mimi. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Tumbo lilimjaa maji, hospitali wakasema ni ini, majirani wakasema ni pombe. Mama anasema ninamfuata.

Fomu ya matibabu ya chuo ina sehemu ya kujazwa na daktari, na wameuliza waziwazi kuhusu homa ya ini, majibu ya maabara yaambatishwe. Nilipiga simu kwa laini nyingine nikajifanya namuulizia rafiki. Aliyepokea akasema, "Huyo atafute kozi nyingine, meno ni damu na damu," akakata.

Mjomba, ndugu yake mama, anafanya kazi maabara. Anasema atanipa karatasi safi na kwamba hakuna mtu atakayenipima tena. Mama amekubali. Mwalimu wangu wa zamani anasema nihamie famasia nisijisumbue. Mimi sijui. Zimebaki wiki tano. Usiku namuona mtoto amefungua mdomo na mimi nimeshika sindano ya ganzi. Je, nikifanya kazi hiyo nitakuwa nawaletea watu ugonjwa?

Aliyekwama, Kayole

JIBU

Mwanangu,

Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kwenye leso moja: ugonjwa wenyewe, nafasi yako chuoni, na lawama iliyoingia nyumbani. Mjomba wako anadhani karatasi moja itayamaliza yote. Mimi ningependa tuifungue hiyo leso kwanza, maana linalokunyima usingizi si fomu. Uliliandika mwisho kabisa, kama mtu anayeona haya kuuliza.

Lakini nianze na kile kijitabu cha kliniki, kwa sababu kimegeuzwa ushahidi dhidi yako. Mama anasema kweli kwamba ulichanjwa. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wewe ulizipata zote. Ila mtoto anayeambukizwa na mama yake huambukizwa wakati wa kuzaliwa. Sindano ya wiki ya sita humkuta kirusi kimeshaingia, na chanjo haikifukuzi kilichokwisha kuingia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutaka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: anayeambukizwa akiwa mchanga, uwezekano wa kubaki na kirusi miaka na miaka ni kama asilimia 90. Anayeambukizwa akiwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Wengine wote miili yao hukimaliza yenyewe.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako. Inawezekana pia ni maambukizi mapya, na hiyo ndiyo maana ya kurudi baada ya miezi sita, kuona kama mwili umekimaliza, ingawa yule daktari angeweza kutumia dakika mbili zaidi kukueleza. Ninachosema ni kwamba "umeiokota" halijathibitishwa na kijitabu chochote. Huyo kijana wako naye apimwe, na asipokuwa nayo achanjwe.

Kisha kuna mambo ya baba, uliyoyapita haraka. Maji tumboni, ini, na majirani na pombe yao. Siwezi kujua kilichomuua, wala wewe huwezi. Lakini homa ya ini B iliyokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa huweza kulijaza ini makovu au kuleta saratani, na tumbo kujaa maji ni moja ya dalili za ini lililofika huko, hata kwa asiyekunywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataja historia ya makovu ya ini au saratani ya ini katika familia kuwa sababu mojawapo ya kumwanzishia mtu dawa. Kwa hiyo mwambie daktari habari za baba hata asipouliza.

Na mama je, amewahi kupimwa? Alimuuguza mume mwenye ugonjwa wa ini, amezaa watoto watatu, na sasa bintiye ameambiwa ana kirusi. Mtu akiogopa sana hutafuta wa kulaumu. Huenda ukimwendea na swali la "mama, twende wote tupimwe, na hawa wadogo," mazungumzo yakawa mengine. Huenda pia akakasirika zaidi. Wewe ndiye unayemjua.

Sasa swali lako. Kirusi hiki hukaa kwenye damu, na huambukiza kwa urahisi kuliko cha ukimwi. Hilo sikufichi. Hata hivyo, karatasi uliyo nayo inasema neno moja tu, kwamba kirusi kipo. Haisemi ni kingi kiasi gani, na uwezo wa kumwambukiza mgonjwa unategemea zaidi wingi huo. Kuna kipimo chake, cha wingi wa virusi kwenye damu, na wewe bado hujafanyiwa.

Wamarekani waliwahi kulichunguza hili kwa upande wa meno hasa. Kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza katika mwongozo wake wa 2003 kwamba kati ya 1970 na 1987 yalirekodiwa makundi tisa ya wagonjwa waliodhaniwa kuambukizwa na wahudumu wa meno, na baada ya 1987 hakikuripotiwa kisa kingine cha daktari wa meno kumwambukiza mgonjwa. Kilichobadilika katikati hapo ni glavu kuvaliwa kwa kila mgonjwa, wahudumu kuchanjwa, na kila mdomo kuhesabiwa kuwa unaweza kuwa na kitu. Mwaka 2012 kituo hicho kikatoa mapendekezo mahususi kwa wahudumu na wanafunzi wenye homa ya ini B. Yanasema kuwa na kirusi peke yake kusimzuie mtu kusomea wala kufanya udaktari, upasuaji au udaktari wa meno. Wanaofanya upasuaji mkubwa wanatakiwa wawe na virusi chini ya yuniti 1,000 kwa mililita na wapimwe kila baada ya miezi sita. Upande wa meno, kundi hilo ni upasuaji mkubwa wa kinywa na taya, kama kuunga taya lililovunjika. Kazi nyingine za meno, pamoja na zile unazoziota usiku, hawakuziweka humo. Uingereza ni wakali zaidi, kiwango chao ni 200, lakini nao wana kiwango na usimamizi, hawana mlango uliofungwa kwa misumari.

Usinielewe vibaya ukadhani nimekusafisha. Vijana waliozaliwa na kirusi hiki mara nyingi huwa nacho kwa wingi mno, hata mamilioni, huku wakijisikia wazima kama wewe. Kipimo kinaweza kukushtua. Ikiwa hivyo, ipo tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, dawa ambayo madaktari wa Kenya wanaifahamu vizuri kwa sababu ya tiba ya ukimwi. Haikiondoi kirusi, inakizima. Huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na ukiianza huiachi kwa kuamua mwenyewe, kwa kuwa ini linaweza kuchafuka ghafla. Hapo utalazimika kuuliza kama uanze masomo huku unatibiwa, ukizingatia kwamba miaka ya kwanza ya kozi hiyo ni ya darasani na maabara zaidi kuliko ya mdomo wa mtu, au uombe kuahirisha mwaka mmoja. Kuahirisha kuna gharama yake: majirani watauliza, na nafasi iliyoahirishwa bila barua hupotea.

Yule aliyekukatia simu, tafadhali usimpe cheo ambacho hana. Umemfanya kuwa sheria ya chuo, naye huenda ni mtu aliyekuwa karibu na simu. Masharti ya chuo huandikwa. Unaweza kuyaomba kwa maandishi kwa msajili au kwa mkuu wa kitivo bila hata kutaja jina la mwenye ugonjwa.

Na wapo waliokataliwa kweli kweli. Huko New Jersey, Marekani, chuo kikuu cha udaktari kiliwafutia nafasi waombaji wawili kwa sababu ya homa ya ini B. Mwaka 2013 Idara ya Sheria ya nchi hiyo ikakibana kwa sheria ya watu wenye ulemavu. Chuo kikakubali kuwapokea, kubadili utaratibu na kuwalipa fidia. China, yenye mamilioni ya watu wenye kirusi hiki, iliamua mwaka 2010 kuondoa kipimo hiki kwenye uchunguzi wa kawaida wa afya kwa wanaojiunga na shule na kazi. Nakutajia hayo ujue kwamba swali lako limewahi kuulizwa na watu wazima wenye mawakili.

Sisi tuna katiba ya 2010. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi na inataja hali ya afya kwa jina. Ibara ya 31 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Ukikataliwa, una haki ya kudai sababu kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015. Lakini nikuambie na upande wa pili. Wenye virusi vya ukimwi wana sheria yao ya 2006 na mahakama maalumu; wewe mwenye homa ya ini B huna ya namna hiyo, utategemea katiba, na kesi hula miaka. Kusema kweli kwenye fomu kunaweza kukuletea mkuu wa kitivo mwenye busara, na kunaweza kukuletea karani anayepiga domo. Hatari hiyo hupungua ukienda na barua ya daktari bingwa wa ini, si na kile kikaratasi cha neno moja. Kliniki ya aina hiyo utaipata katika hospitali za rufaa kama Kenyatta. Barua itaje wingi wa virusi, hali ya ini na mpango wa ufuatiliaji, na uombe mambo ya afya yako yashughulikiwe na daktari wa chuo na si kila ofisi. Wiki tano si nyingi kwa haya yote. Hata barua inayosema uchunguzi unaendelea ni afadhali kuliko kwenda mikono mitupu.

Turudi kwa famasia ya mwalimu wako. Ni kozi nzuri kwa anayeipenda. Ila angalia: fomu ya matibabu utaijaza na huko, kwa hiyo hutakuwa umeikwepa, umehamisha tu mahali utakapoijibia. Kama moyo umeshaelekea kwingine, hilo ni jingine, na dirisha la uhamisho la KUCCPS lina tarehe zake. Kuna pia ufundi wa meno bandia, kazi ya benchi, inayofundishwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Naitaja kwa sababu wewe hukuitaja, si kwa sababu naona imekutosha. Na kama mawazo yako ya mbali ni kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, ujue vipimo vya viza za huko hukataa watu kwa kirusi hiki, vyovyote utakavyosomea.

Karatasi ya mjomba naielewa. Ni upendo wa mtu aliyeona nafasi ya mpwa wake inateleza. Lakini anaposema hutapimwa tena, anasema asichokijua. Wanafunzi wa udaktari huchanjwa homa ya ini B kabla ya kugusa wagonjwa, na kabla au baada ya chanjo wengi hupimwa damu. Siku utakapojichoma na sindano, na wengi wanaosomea kazi hii hujichoma, swali la kwanza litakuwa hali yako. Utadanganya tena? Kughushi hati ni kosa la jinai kwako na kwake, na yeye ataponza leseni yake. Kubwa zaidi kwangu ni hili: ukishaandikwa kuwa huna kirusi, huwezi kwenda kliniki ya chuo kupimwa wingi wake wala kupata dawa bila kujifichua. Ule usalama wa mtoto uliyemuona usiku ungetokana na kufuatiliwa, na karatasi safi ndiyo inayokunyima ufuatiliaji. Kwa upande mwingine, nakubali kwamba ukweli unaweza kukupotezea nafasi mwaka huu, na mjomba haoti anapoogopa hilo. Haya mawili utayapima wewe, kwa kuwa utakayeishi nayo ni wewe.

Nyumbani, rudisheni vikombe kabatini. Homa ya ini B haipiti kwenye sahani, kukumbatiana wala kulala kitanda kimoja. Tenganisheni miswaki, nyembe na vikata kucha, na kidonda kifunikwe. Wadogo zako wakipimwa wakakutwa hawana kirusi, na hawajakamilisha chanjo, wapewe dozi tatu. Wewe kaa mbali na dawa za chupa za kusafisha ini zinazouzwa mjini. Nyingine ndizo zinazoliua. Na mahindi yenye kuvu msisage hata kama gunia ni la bei ya chini. Sumukuvu na kirusi hiki vikikutana, hatari ya saratani ya ini hupanda sana, na mwaka 2004 sumu hiyo peke yake iliua watu 125 huku Ukambani na jirani zake.

Mjomba, ukishindwa kumkatalia, mpe kazi nyingine. Mtu wa maabara anajua wapi kipimo cha wingi wa virusi kinafanywa kwa bei nafuu na majibu hutoka baada ya siku ngapi. Mwombe akuulizie hilo wiki hii.

Shangazi